Sukari na Kusahau: Insulini Inahusika Vipi na Ugonjwa wa Alzheimer?

Tarehe 24 Novemba 2025 kampuni ya dawa ya Novo Nordisk ya Denmark ilitangaza matokeo ambayo watafiti wengi wa ugonjwa wa Alzheimer walikuwa wakiomba yasiwe hivyo. Katika majaribio mawili yaliyokwenda sambamba, watu 3,808 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza vidonge vya semaglutaidi, dawa ya kisukari na unene ambayo ikitolewa kwa sindano dunia inaijua kwa jina la Ozempic. Kundi la pili lilimeza vidonge visivyo na dawa ndani yake. Miaka miwili baadaye hakukuwa na tofauti ya maana kati yao: waliopewa dawa walikuwa wamesahau na kupotea sawasawa na wenzao.

Dawa ya sukari ilikuwa inatafuta nini kwenye kichwa cha mtu anayesahau? Swali hilo lina zaidi ya miaka 30 kwenye maabara, na mitaani limekwisha kupewa jibu. Utasikia kwamba Alzheimer ni "kisukari aina ya tatu", yaani ni kisukari kilekile, ila safari hii kimehamia ubongoni. Jina hilo linazunguka kwenye video za simu, kwenye mahubiri ya wauza virutubisho na hata vinywani mwa baadhi ya madaktari. Wapo pia wataalamu wanaoliona ni porojo tupu. Nikiwasoma wote wawili naona kila upande umeshika nusu. Kwamba usugu wa insulini unamsogeza mtu karibu na ugonjwa wa kusahau, ushahidi upo na ni mzito. Kwamba Alzheimer yenyewe ni kisukari cha ubongo, hapo hatujafika, na majaribio ya dawa yanazidi kututilia shaka. Madai haya mawili yamechanganywa mno, na mengi ya hasara yametokana na mchanganyiko huo.

Insulini ni homoni inayotoka kwenye kongosho. Ukila, sukari ikapanda katika damu, kongosho linaimwaga, nayo inakwenda kwenye misuli, ini na mafuta kupiga hodi ili seli ziipokee sukari hiyo. Kwa mtu mwenye usugu wa insulini hodi inapigwa lakini mlango haufunguki upesi. Kongosho linajibu kwa kumwaga insulini zaidi, na kwa muda linafanikiwa. Miaka mingi inaweza kupita kipimo cha sukari kikionyesha hali ya kawaida ilhali damu imejaa insulini. Kinachoonekana kwa nje ni kitambi, presha inayopanda na mafuta mabaya katika damu. Kongosho linapoelemewa ndipo sukari inapopanda, na mtu anaambiwa ana kisukari aina ya pili. Kumbe siku anayoambiwa, jambo lenyewe lilishaanza zamani. Hilo tulikumbuke, tutalihitaji mbele.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Vitabu vya udaktari vilifundisha kwa miaka mingi kwamba hauna haja na insulini, kwa kuwa seli zake nyingi huingiza sukari bila kuisubiri. Mwaka 1978 Jana Havrankova na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba ubongo wa panya una vipokezi vya insulini sehemu nyingi. Vipo hata katika hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya pande za kichwa ambako kumbukumbu mpya huandaliwa, na ambako Alzheimer huanza kushambulia mapema. Kama insulini haihitajiki kuingiza sukari, basi vipokezi vyote hivyo vinafanya nini pale? Jibu lililopatikana taratibu ni kwamba ubongoni insulini ni mjumbe zaidi kuliko mleta chakula. Inasaidia seli za neva kuimarisha miunganiko yake, kuishi muda mrefu na kudhibiti protini ambazo zikiachwa hovyo huleta madhara.

Ushahidi wa kwanza uliowashtua watu haukutoka maabara, ulitoka kwenye mtaa mmoja wa Rotterdam, Uholanzi. Huko wazee 6,370 walifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba wenye kisukari walipata dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, na Alzheimer pia, karibu mara mbili ya wasio nacho. Tangu hapo nchi baada ya nchi imerudia hesabu hiyo na kupata jibu la aina moja, ingawa ukubwa hutofautiana. Mwaka 2013 watafiti wa Seattle walikwenda hatua moja mbele. Waliwafuata wazee 2,067, wengi wao wakiwa hawana kisukari, wakakuta kwamba hata miongoni mwa wasio nacho, aliyekuwa na wastani wa sukari wa 6.4 (milimoli kwa lita) alikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 18 kuliko mwenye 5.5. Kwenye kliniki zetu mtu mwenye 6.4 anaambiwa aende nyumbani salama.

Lakini utafiti ninaouthamini kuliko yote hapa ni ule wa watumishi wa serikali ya Uingereza jijini London, unaojulikana kama Whitehall II. Ulianza mwaka 1985 kwa watu 10,308 wenye umri wa miaka 35 hadi 55, makarani na mabosi wao, na wakapimwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 30. Kwa kuwa walianza kufuatiliwa kabla ya uzee, watafiti walijua si nani tu ana kisukari, bali kilimwanza lini. Matokeo ya mwaka 2021 yalisema hivi. Wachukue watu wenye miaka 70. Kati ya wasio na kisukari, kesi mpya za dimenshia zilikuwa 8.9 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Waliopata kisukari ndani ya miaka mitano iliyotangulia walikuwa na kesi 10. Waliokipata miaka sita hadi kumi kabla, 13. Waliokaa nacho zaidi ya miaka kumi, 18.3. Anayepata kisukari akiwa mzee hatofautiani sana na jirani yake asiye nacho, na anayekipata akiwa na miaka 50 au 55 ndiye anayelipa.

Takwimu hizo zinasema jambo ambalo mjadala wa dawa umelisahau mara nyingi: muda. Madhara yanajengeka kwa miaka kumi, kumi na tano, ishirini, wakati mtu yuko kazini, anasomesha watoto na anajiona mzima.

Sasa, kuna tofauti kati ya kusema kisukari huleta dimenshia na kusema huleta Alzheimer. Dimenshia ni hali, nayo ina vyanzo vingi. Alzheimer ni ugonjwa mmojawapo, ingawa ndio unaochangia sehemu kubwa, asilimia 60 hadi 70 kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Alois Alzheimer alipowaeleza wenzake mjini Tübingen mwaka 1906 habari za mgonjwa wake aliyefariki, Auguste Deter, alitaja vitu viwili alivyoviona kwa darubini: mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo tunajua mabonge ni ya protini ya amiloidi na nyuzi ni za protini iitwayo tau. Anayetaka kuonyesha kwamba insulini inahusika na Alzheimer yenyewe lazima aitoe kwenye kongosho mpaka aifikishe kwenye vitu hivyo viwili.

Njia za kufika zimetafutwa na zimeonekana. Kwanza kuna kimeng'enya ambacho kazi yake inayojulikana ni kuvunja insulini iliyokwisha kutumika. Ikagundulika kwamba hichohicho huvunja pia amiloidi. Insulini ikiwa nyingi kupita kiasi, kimeng'enya kinashughulika nayo na amiloidi inabaki. Pili, ishara ya insulini ikifika vizuri ndani ya seli huzima kimeng'enya kingine kinachobandika fosfeti kwenye protini ya tau. Ishara ikififia, kimeng'enya hicho kinaachiwa huru, tau inabandikwa fosfeti kupita kiasi, inaachia nafasi yake na kuanza kusokotana. Hesabu hizi zinapendeza kwa wepesi wake, na kwenye chupa za maabara zinajibu vizuri. Katika ubongo wa mtu mambo yana mikono mingi zaidi.

Jaribio lililonishawishi kwamba hapa kuna kitu ni la Konrad Talbot, Steven Arnold na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lililochapishwa mwaka 2012. Walichukua vipande vya hipokampasi kutoka kwa watu waliofariki na Alzheimer na wengine waliofariki na akili zao timamu, vipande vilivyohifadhiwa saa chache baada ya kifo. Wote hawakuwa na kisukari. Hilo ndilo la kuzingatia. Kisha wakavitia insulini kwa kiasi kinachokaribiana na cha mwili ulio hai, wakapima kama ishara inapita hatua kwa hatua ndani ya seli. Katika vipande vya waliokuwa wazima ishara ilipita. Katika vya wagonjwa ilififia tangu hatua za mwanzo kabisa, na kadiri hatua hizo zilivyokuwa zimeharibika ndivyo kumbukumbu za marehemu zilivyokuwa dhaifu alipokuwa hai. Kwa hiyo ubongo unaweza kuwa na usugu wa insulini wakati damu ya mwenyewe haina tatizo la sukari.

Miaka saba kabla yao, mwaka 2005, Suzanne de la Monte na kundi lake katika Chuo Kikuu cha Brown, Rhode Island, walikuwa wameshaona upungufu wa insulini na vipokezi vyake katika bongo za marehemu wa Alzheimer, na ndio walioeneza jina la kisukari aina ya tatu. Sehemu ya hoja yao ilijengwa juu ya panya waliodungwa ubongoni kemikali ambayo kwa kawaida hutumika kuua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Panya wakasahau njia. Mimi hoja hiyo hainitoshi: ukimdunga mnyama sumu ya ubongoni, akipoteza kumbukumbu hajakuthibitishia mengi. Jina hata hivyo lilikuwa tamu, likatoka maabara likaenda sokoni kabla ya kazi kuisha.

Na kazi haikuisha vizuri. Shaka la kwanza lilitoka kwa watawa. Huko Marekani, masista, mapadre na mabruda wa Kikatoliki walikubali kupimwa kila mwaka na kutoa bongo zao wakifa, katika utafiti unaoendeshwa kutoka Chicago. Zoe Arvanitakis na wenzake walipozichunguza bongo 233 mwaka 2006, walikuta waliokuwa na kisukari wana uwezekano wa kama mara mbili na nusu wa kuwa na makovu ya kiharusi, mengi yakiwa ya viharusi vidogo ambavyo mwenyewe hakuvijua. Mabonge ya amiloidi na nyuzi za tau? Hazikuzidi. Tafiti nyingine za maiti zimekuja kusema vivyo hivyo. Iliyopinga waziwazi ni ya mji wa Hisayama, Japani, ambako mwaka 2010 uchunguzi wa maiti 135 ulionyesha kwamba waliokuwa na usugu wa insulini miaka mingi kabla walikuwa na mabonge mengi zaidi, hasa wenye jeni ya APOE4 ambayo yenyewe huongeza hatari ya Alzheimer. Hata hao Wajapani hawakuona uhusiano kama huo kwa nyuzi za tau.

Shaka la pili ni la jeni. Kuna watu waliozaliwa na mchanganyiko wa jeni unaowaelekeza kwenye kisukari aina ya pili. Kama kisukari chenyewe kinasababisha Alzheimer, watu hao wangeugua Alzheimer zaidi ya wengine. Uchambuzi wa jeni za maelfu ya watu umetafuta ongezeko hilo na kwa sehemu kubwa haukulipata. Hesabu za aina hii zina mapungufu yake, mojawapo likiwa kwamba wenye kisukari kikali hufa kabla ya umri wa kusahau, lakini haziwezi kupuuzwa.

La tatu ni swali la nani alianza. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili. Katika kipindi hicho mtu hubadilika bila kujua: hamu ya kula, uzito, mwendo, usingizi. Picha za ubongo huonyesha sehemu fulani zikitumia sukari kidogo kabla hata kumbukumbu hazijachafuka, na picha hizo hutolewa mara kwa mara kama ushahidi kwamba ubongo unakufa njaa. Lakini seli inayokufa hupunguza kula, na miunganiko iliyokatika haihitaji nishati. Usugu unaouona kwenye hipokampasi ya marehemu unaweza kuwa chanzo, unaweza kuwa matokeo, na yawezekana kabisa ni vyote viwili, ugonjwa ukizaa usugu na usugu ukiuchochea ugonjwa.

Nikiyaweka yote mezani, maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi ni haya. Usugu wa insulini na kisukari huharibu mishipa midogo ya damu ubongoni. Wazee wengi tayari wana kiasi fulani cha amiloidi na tau ambacho peke yake kingewaacha waishi na akili zao miaka mingine kadhaa. Ukiongeza viharusi vidogo juu yake, dimenshia inajitokeza mapema. Daktari anayemwona mgonjwa bila kipimo cha amiloidi, kama ilivyokuwa katika tafiti karibu zote za zamani, anaandika Alzheimer, na hakosei sana. Ila kilichomfikisha mgonjwa pale ni mambo mawili yaliyokutana. Kwamba insulini inaweza pia kugusa amiloidi na tau moja kwa moja, kazi ya Pennsylvania inanizuia kukataa.

Kampuni za dawa ziliweka fedha kwenye njia ya moja kwa moja. Rosiglitazoni, dawa inayopunguza usugu wa insulini, ilifeli kwa wagonjwa wa Alzheimer mwaka 2010. Dada yake pioglitazoni ilipewa watu wazima wasio na dalili, wazo likiwa kuzuia kabla ya kuanza. Jaribio hilo la watu zaidi ya 3,000 lilisitishwa mwaka 2018 kwa kuwa halikuonyesha dalili ya kufaulu. Jaribio la insulini ya kupuliza puani ndilo lenye kisa cha kusikitisha zaidi. Wazo lilikuwa zuri: pitisha insulini puani, ifuate njia za neva za kunusa mpaka ubongoni, bila kushusha sukari ya damu. Suzanne Craft na wenzake walilijaribu kwa watu 104, wakachapisha mwaka 2012 matokeo yaliyoleta matumaini makubwa. Kisha likaja jaribio kubwa la watu 289 kwa mwaka mzima. Kifaa cha kupulizia kilianza kusumbua, ikabidi kibadilishwe katikati baada ya watu 49 tu kukitumia. Waliobaki 240, wakitumia kifaa kipya, hawakupata faida yoyote. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Wenye imani wanasema kosa ni la kifaa. Inawezekana, ila kila tiba iliyofeli hupata mtu wa kulaumu kifaa.

Semaglutaidi ilikuwa na sababu nzuri kuliko zote za kujaribiwa, maana kumbukumbu za hospitali za nchi kadhaa zilionyesha kwamba wenye kisukari wanaotumia dawa za kundi lake hupata dimenshia kidogo kuliko wenzao. Baadhi ya viashiria vya ugonjwa viliboreka kidogo kwa washiriki wa majaribio yale ya 2025, lakini wagonjwa wenyewe hawakuboreka. Mimi nasoma matokeo hayo pamoja na ya London. Mtu mwenye Alzheimer iliyothibitishwa, mwenye umri wa miaka 70 na kitu, ameshapita muda ambao usugu wa insulini ulifanya kazi yake. Kumpa dawa ya usugu wakati huo ni kuchelewa, na wala hakuthibitishi wala kukanusha kwamba dawa hiyohiyo ingemfaa akiwa na miaka 50 na kitambi. Jaribio la kujibu swali hilo lingehitaji miaka 20, na hakuna kampuni yenye subira ya kiasi hicho wala hataza ya dawa inayodumu hivyo.

Wapo watakaosema basi tuishushe sukari kwa nguvu zote. Hilo nalo lilijaribiwa Marekani na Kanada, kwa watu 2,977 wenye kisukari wenye wastani wa miaka 62. Nusu yao sukari ilibanwa sana, nusu ikabanwa kwa kadiri. Baada ya miezi 40, matokeo yaliyotoka mwaka 2011 hayakuonyesha tofauti katika kumbukumbu. Jaribio kubwa ambalo hili lilikuwa sehemu yake lilikuwa limesitisha kubana huko mwaka 2008 kwa sababu vifo viliongezeka kwa waliobanwa. Presha, kwa kulinganisha, imeonyesha dalili njema zaidi: mwaka 2019 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kuishusha chini ya 120 hupunguza kwa asilimia 19 ule udhaifu wa kumbukumbu unaotangulia dimenshia. Presha na usugu wa insulini hukaa nyumba moja, na huenda huyu ndiye wa kuanza naye.

Hapa kwetu jambo hili limefika kwa kasi ambayo haijasemwa vya kutosha. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania uliopima watu 6,299 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Wenye kisukari walikuwa asilimia 0.9. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, mijini na vijijini, ulipata asilimia 9.1. Vipimo na umri vinatofautiana, hivyo huwezi kugawanya namba moja kwa nyingine ukasema ni mara kumi, lakini yeyote aliyeona foleni ya kliniki ya sukari Jumatatu asubuhi hahitaji kugawanya. Waliokuwa na miaka 40 mwaka 2012 wanakaribia 55 sasa. Kwa hesabu ya London, ni hao wa kuwatazama.

Wakati huohuo wazee wanaongezeka. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wa watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea ulikadiria kwamba asilimia 6.4 wana dimenshia, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Ni huko Hai pia ambako kulitengenezwa kipimo kinachoweza kutumiwa na mhudumu asiye daktari, kwa mzee ambaye hajawahi kushika kalamu: anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo, akumbuke maneno aliyotajiwa, apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Haihitaji umeme wala mashine, na dakika zake ni chache. Nchini Nigeria, utafiti uliolinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulitoa mwaka 2001 matokeo yanayotafakarisha: kesi mpya za Alzheimer Ibadan zilikuwa asilimia 1.15 kwa mwaka, Indianapolis 2.52. Sababu ni nyingi na hazijatenganishwa zote, ila kisukari na presha vilikuwa haba zaidi Ibadan wakati ule. Sijui wajukuu wa wazee hao wa Ibadan wanakunywa nini na chakula leo. Nadhani ni soda, kama wa kwetu.

Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilikadiria kwamba asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kubadilishwa. Kisukari kilipewa asilimia 2 tu, namba ambayo wenye kupinga huipenda. Lakini ukiongeza ndugu zake, yaani lehemu mbaya asilimia 7, presha 2, kutofanya mazoezi 2 na unene 1, unapata 14. Hao wote hukaa kwenye mwili mmoja, wa mtu mmoja, na huanza pamoja.

Kwa hiyo usinunue chupa ya mafuta ya nazi iliyoandikwa kwamba inatibu kisukari cha ubongo, wala usimeze dawa ya kisukari ya jirani, metformini, ili usisahau uzeeni. Kama una miaka 40 na mkanda umeshasogea matundu mawili, pima sukari na presha mwaka huu, na ukikutwa navyo usisubiri vikuumize ndipo uanze dawa. Barani Afrika zaidi ya saba kati ya kila watu wazima kumi wenye kisukari hawajui kwamba wanacho.

Kuna upande mmoja wa uhusiano huu ambao kliniki zetu zinaweza kuushughulikia bila dawa mpya, nao ni mzee mwenye kisukari ambaye ameshaanza kusahau. Sukari ikishuka mno ubongo unaumia. Utafiti wa California wa wazee 16,667 wenye kisukari, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba aliyewahi kufikishwa hospitali mara tatu au zaidi kwa sukari kushuka alikuwa na hatari ya dimenshia karibu mara mbili ya asiyewahi. Na anayesahau ndiye anayeshushwa zaidi, kwa sababu alishajichoma insulini saa moja, akasahau, akajichoma tena saa mbili, au amemeza kidonge cha kushusha sukari kiitwacho glibenklamaidi na hakukumbuka kunywa uji. Mwongozo wa Marekani unaruhusu mzee wa namna hii kipimo chake cha sukari ya miezi mitatu kifike karibu asilimia 8, si lazima kibanwe chini ya asilimia 7 kama cha kijana, na glibenklamaidi haishauriwi kwa wazee. Anayetumia metformini kwa miaka mingi apimwe pia vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake peke yake humfanya mtu asahau. Huo unatibika kwa bei ndogo.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayejichoma insulini mwenyewe, keshokutwa asubuhi kaa naye mtazame anavyofanya, kisha muulize kama jana jioni alijichoma au la. Akisita, mpeleke kliniki na umwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona.